Nyumba ya Shemeji Iko Ubaoni

Jumatatu, 3 Machi

Leo Waziri mwenyewe kanishika mkono! Mbele ya watu wote, pale ofisi ya kata. Kaniambia, Mzee, bila wewe Serikali haina sura.

Haya, basi. Si Waziri. Ni dereva wake. Na hakushika mkono wangu, alishika ngazi yangu, akaitupa pembeni apate kugeuza gari. Halafu akaikanyaga mguu mmoja kwa gurudumu. Waziri alikuwa ndani, vioo vimepandishwa. Ila gari lilipita karibu kiasi kwamba ningetoa ulimi ningelilamba.

Ngazi sasa ina mguu mmoja mfupi. Tumefanana.

Naandika humu kwa sababu hakuna wa kunisoma. Herufi ndogo zinanitesa. Maisha yangu yote nimechora herufi za urefu wa mkono — SALUNI, DUKA LA DAWA, USIKOJOE HAPA. Hiyo ya mwisho nimeiandika kuliko zote, na sijaona mtu hata mmoja aliyebana mkojo kwa ajili yangu.

Kazi niliyopewa ni hii: ukuta mzima wa mbele wa ofisi ya kata umepigwa mbao, nami niuchore. Wanauita Ubao wa Uwazi. Kila mpita njia asome fedha za mafuriko zimekwenda wapi. Mtaa gani, fedha kiasi gani, kazi gani, hatua gani imefikiwa. Aliyepigania ubao huu ni karani kijana wa pale ofisini, mwembamba, miwani mikubwa kuliko uso. Namwita Binti Takwimu. Kaniambia, Babu, tafadhali usikosee, watu wamelia vya kutosha. Nikamwambia, mjukuu wangu, mimi sikosei, mimi huisahihisha dunia.

Hakucheka. Ningemsikiliza vizuri, lakini nilikuwa natafuta mtu wa kunichekea.

Jumanne, 4 Machi

Sufuri! Sijapata kuchora sufuri nyingi hivi. Rangi nyeupe imekwisha kwenye sufuri tu. Timazi kapita chini ya ngazi, kasimama. Huyu ni fundi mwashi, tunamwita Timazi, kile cha kupimia ukuta ulio wima, kwa kuwa anatembea kaegemea upande kama ukuta uliomshinda. Kauliza, Mzee, hizo zote zimekuja hapa kwetu? Nikamwambia zimekuja, ndiyo maana barabara imetitia. Kacheka mpaka kakaa chini.

Kisha akaacha kucheka. Yeye ndiye aliyejenga kuta za mtaa wa sokoni. Anajua kuta zipo na mapaa hayapo. Kwenye karatasi ya Mtendaji wa kata, sokoni imeandikwa imekamilika. Nikachora nilivyoambiwa. Timazi kaangalia viatu vyake.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda uwanja wa mpira kumwona Shemeji. Mke wa mdogo wangu. Mjane wa mdogo wangu, niandike hivyo, mkono uzoee.

Hema lake ni la tatu kutoka golini. Kaniona tu kaanza:

— Shemeji, umekuja mikono mitupu tena. Hata soni huna, mwenye ndevu mzima!

— Nimeleta sura yangu, nikamwambia.

— Hiyo nayo iko siku ilipokuwa zawadi?

Tukacheka. Halafu kikohozi kikamshika, kikamkunja, nikabaki naangalia turubai kana kwamba kuna maandishi. Anakohoa tangu Januari. Chini ni tope, juu ni jasho la turubai. Anachotandika ni mlango. Mlango wa nyumba yao. Nyumba yote ilikwenda, mlango ukakutwa umesimama kwenye mti kule chini kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Niliupaka mimi rangi ya kijani mwaka waliooana. Anasema, nalala juu ya mlango wangu, Shemeji, ndiyo maana hakuna anayebisha hodi.

Mdogo wangu alikuwa ameshatoka. Maji yalikuwa magotini tu. Akarudi kufunga mlango. Kufunga! Mtu anafungia mafuriko nje! Alikuwa hivyo tangu mtoto, halali mpaka akague komeo. Tulimpata na ufunguo mkononi. Shemeji ameufunga kwenye pindo la nguo yake na haufungui hata kuoga.

Nilimwambia ahamie chumbani kwangu nyuma ya saluni, mimi nitalala kwa kinyozi. Hataki. Wametangaza kuwa atakayeondoka uwanjani anahesabiwa amejitosheleza, nyumba hapati. Amekaa juu ya mlango anasubiri kuta.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimefanya jambo. Moyo unanicheka bado.

Nimefika mstari wa mwisho wa ubao, mstari wa bondeni, kwao Shemeji. Karatasi ya Binti Takwimu inasema: hatua — misingi tu. Ni kweli. Mitaro imechimbwa, imejaa maji, vyura wamehamia kabla ya watu.

Nikakaa juu ya ngazi nikawaza. Hapa mjini kila kitu mimi ndiye huanza. Mama wa chai alikuja kwangu na chupa moja ya chai na vikombe viwili, akataka niandike HOTELI. Nikaandika. Watu wakasoma, wakaingia, wakaulizia meza. Akaona aibu, akanunua meza. Leo ana wahudumu. Kinyozi wangu alikuwa na wembe na kipande cha kioo, nikamwandikia SALUNI YA KISASA, akalazimika kutafuta kiti kinachozunguka. Ndivyo kazi yetu ilivyo. Maandishi hutangulia, kitu hufuata. Mtu hawezi kukaa chini ya maneno makubwa mikono mitupu.

Basi nikachovya brashi. Mstari wa bondeni, hatua: IMEKAMILIKA.

Nzuri! Nene! Nimeitia kivuli cha bluu. Wapite watu, wasome, waulize ziko wapi hizo nyumba. Serikali itaona haya mbele ya ukuta wake yenyewe. Itakimbia kujenga. Na Binti Takwimu hayupo, yuko mafunzoni mji mkuu hadi wiki ijayo, hakuna wa kunikagua.

Timazi kapita. Mzee, unacheka na ukuta? Ndiyo, nikasema, ni mjinga, hajui nimemwekea nini.

Jumamosi, 8 Machi

Mtendaji wa kata katoka nje na kikombe chake cha chai. Kasoma ubao, mstari kwa mstari. Kafika bondeni. Kasimama. Kaangalia karatasi, kaangalia ubao. Mimi nimeandaa uongo tayari — macho, uzee, jua.

Kapiga funda la chai. Kasema, Mzee, una mwandiko mzuri sana.

Basi! Hakuna kingine. Kachukua simu, kapiga picha ubao wote, kaituma. Nimerudi nyumbani naimba. Nimemshika!

Jumatano, 12 Machi

Lori la mabati limekuja. Nimeliona kwa macho yangu, limepakia mpaka juu, limesimama pale njia panda ya bondeni. Nikakimbia. Nasema kukimbia — niliburuta magoti yangu kwa haraka. Nilitaka niwepo mimi, nimwambie Shemeji, unaona?

Dereva alikuwa ameshuka anaangalia simu. Anamwonyesha utingo wake picha. Picha ya ubao wangu. Anasema, bondeni wamemaliza, tuendelee kata ya pili. Utingo anauliza, mbona naona mahema? Dereva anasema, wewe soma, acha kuona.

Nikapiga kelele. Wakanipungia mkono. Walidhani nawasalimia.

Jumatano hiyo hiyo, jioni

Siwezi kula.

Nilisahau ile ya USIKOJOE HAPA.

Ijumaa, 14 Machi

Binti Takwimu karudi. Sikwenda. Kanifuata mwenyewe saluni, kiti cha kisasa kikiwa na mtu kichwa nusu kimenyolewa, kasimama mlangoni miwani imejaa ukungu.

— Babu, umefanya nini?

Nikaanza maneno yangu. Hotelini, meza, maandishi hutangulia. Kanisikiliza yote. Ndicho kilichoniumiza, alisikiliza yote. Kisha kasema kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa: huko mji mkuu kuna tovuti, kila mtaa una rangi yake. Kazi ikiendelea ni njano. Ikikamilika ni kijani. Bondeni imekuwa kijani tangu Jumamosi. Fedha ya awamu ya pili haiji mahali pa kijani. Iliyobaki inarudi mwisho wa mwezi.

Inarudi wapi? nikauliza.

Ilikotoka, kasema. Au isikotoka. Babu, mimi niliupigania ule ubao ili wasiweze kudanganya.

Mwenye kichwa nusu alikuwa ametulia kabisa. Kinyozi kazima mashine.



Jumamosi, 15 Machi

Kwa Mtendaji. Nimevaa koti. Nimemwambia nimekosea, nipe rangi nirekebishe, ni neno moja.

Kanikaribisha kiti. Kaniita Mzee wangu, Baba yangu, majina yote mazuri. Kasema mstari uliofungwa haufunguliwi. Picha imeshakwenda juu.

— Juu wapi?

— Juu, Mzee.

Nikaangalia dari. Ina tundu, la mvua ileile.

Nikamwambia sasa tushuke basi, tuite huku chini watu wa bondeni tuwaambie. Hapo kaweka kikombe. Sauti ikabadilika kidogo tu. Kasema nikifuta neno moja pale, watu watauliza la sokoni. Wakiuliza la sokoni, wataulizia la shule, na la daraja. Ubao ule ni mali ya Serikali, kuuharibu ni kesi. Tena aliyeandika uongo wa bondeni ni nani? Mwandiko wa nani ule? Una kivuli cha bluu, mji mzima unakijua.

Kumbe alipokunywa lile funda la chai alishayaona yote haya. Mimi nikaenda zangu naimba.

Jumapili, 16 Machi

Nilitaka nimwambie Shemeji mwenyewe. Nimechelewa. Wameshampongeza! Wanawake wa mtaa wa juu wamepita uwanjani, wamemwambia hongera, tumesoma umepata nyumba, mbona huhami?

Nimemkuta ameketi juu ya mlango wake, mgongo kwenye nguzo ya hema. Hakunitukana, hakuuliza nimeleta nini. Nikajua mambo ni mabaya.

— Shemeji, kasema. Eti wewe ndiye umenijengea.

Nikachuchumaa kwenye tope.

— Ina vyumba vingapi? Niambie basi, wewe si ndiye fundi. Jiko liko ndani au nje?

Nikasema nilitaka kuwatia haya.

— Na haya wameziona?

— Hapana.

— Basi zimebaki kwako, kasema. Kisha kikohozi. Kirefu. Kilipokwisha kajifuta mdomo, kakikunja kitambaa upesi nisione. Nimeona.

Halafu kafungua pindo, mara ya kwanza tangu mazishi, katoa ufunguo, kauweka kiganjani mwangu. Kasema, nenda kaifungue hiyo nyumba, uingize hewa. Imekaa sana bila mtu.

Kama alitania sijui. Nina umri huu na sijui.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Ndogo, ya kujaribu.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua.

Tumempeleka Shemeji hospitali. Mimi, Timazi na mlango. Machela hakuna, tukambeba juu ya mlango wake. Watu wanapisha njia, wengine wanavua kofia, wanadhani ni maiti. Yeye yuko macho, anawaambia, vaeni, vaeni, bado sijafika! Timazi analia huku amebeba. Alipinda upande wake wa kawaida, mlango ukainama, nikamwambia simama wima leo tu, mwanangu.

Muuguzi kauliza jina, umri, makazi. Shemeji kasema:

— Ubaoni.

Muuguzi hakuelewa. Kauliza tena. Nyumba yangu iko ubaoni, kasema, mstari wa mwisho, muulize huyu. Muuguzi kaniangalia. Nikasema uwanja wa mpira, hema la tatu kutoka golini.

Daktari kaniita kando. Mapafu. Anasema dawa zipo na zitafanya kazi, lakini akirudi kulala kwenye unyevu huo, asinidanganye mtu kuwa atapona. Akauliza, hana nyumba? Mimi nikaangalia mikono yangu, ina rangi ya bluu kwenye kucha mpaka leo.

Ijumaa, 21 Machi

Amelala. Mashuka makavu. Uso wake umerudi kuwa wa zamani, wa siku ile mdogo wangu alipomleta nyumbani na mimi nikamwambia, dada, umekosea mlango, mwenye sura nzuri ni mimi. Alinijibu palepale: basi sura yako umeificha wapi? Tangu siku hiyo hatujawahi kuongea kama watu wazima. Mdogo wangu alikuwa akikaa katikati yetu anatikisa kichwa.

Nimekaa kando ya kitanda na ufunguo mfukoni. Nimechoka kuchekesha.

Jumamosi, 22 Machi

Binti Takwimu kanipata getini hospitali. Haongei na mimi siku hizi, leo kaongea, haraka haraka, huku anaangalia nyuma. Wakaguzi wanakuja Jumatatu kutoka mji mkuu. Hawaji na Mtendaji, wanakuja kumkagua. Lakini watafanya nini? Watasimama mbele ya ubao, watalinganisha na picha zao, vikilingana watatia saini wataondoka. Hawatashuka bondeni, viatu vyao si vya tope. Visipolingana, lazima waulize. Ndiyo kanuni yao. Wakiuliza, watalazimika kushuka.

Nikamwambia, kalibadilishe hilo neno wewe basi, mjukuu wangu, mkono wako haujulikani.

Kavua miwani. Macho madogo kumbe, ya mtoto. Mkataba wake unaisha mwezi ujao, mama yake na wadogo zake wanamtegemea yeye. Amemwandikia Mtendaji barua, imerudishwa. Ameandika ya pili, mkuu wa utumishi amemuuliza kama amechoka kazi.

Sikumlaumu. Nani wa kumlaumu hapa, mimi?

Alipoanza kuondoka kageuka, kasema kama anayezungumza na ukuta, rangi nyeupe iliyobaki iko stoo. Stoo haina kufuli. Na Jumapili asubuhi mlinzi anakwenda ibada.

Mdogo wangu angesikia stoo ya Serikali haina kufuli angeugua.

Jumapili, 23 Machi

Asubuhi. Rangi ninayo. Brashi ninayo. Nimeshaamua neno. BADO. Herufi nne, hata kivuli halihitaji. Nitafuta bondeni, na nikiwa huko juu magoti yakiniruhusu nitafuta na sokoni. Mwandiko wataujua. Wajue. Safari hii utakuwa wa kweli.

Shida ni ngazi. Nimeiegemeza ukutani, nimepanda hatua mbili, ikacheza, nikashuka kwa makalio. Ule mguu uliokanyagwa na gari la Waziri. Chini pameloa, jiwe nililokuwa nikiuwekea haliushiki. Mstari wa bondeni uko chini kidogo, huo ningeujaribu nikisimama kwenye ndoo. Wa sokoni uko juu kabisa. Anahitajika mtu wa kushika.

Nimekuja kwa Timazi. Naandika hapa kizingitini kwake, daftari gotini, rangi pembeni, kwa kuwa ameingia ndani kuvaa shati na hatoki. Tangu nimeketi hapa shati gani hilo? Mkewe kanichungulia dirishani mara mbili. Alipofungua mlango mwanzoni alinisikiliza, kisha akasema, Mzee, kata ya pili wamenipa kuta. Naanza keshokutwa. Mtendaji ndiye kanitaja. Nikasema najua. Akasema, watoto, Mzee. Nikasema najua. Akasema, ngoja nivae.

Mawingu yanashuka kule bondeni. Ibada haiishi kesho, mlinzi atarudi.

Namsikia anatembea ndani. Anakwenda, anarudi. Ule mwendo wake wa upande, unyayo mmoja mzito, mmoja mwepesi.

Nimemwita tena, kupitia mlango. Timazi, mwanangu. Sikuombi uandike. Sikuombi useme neno, wala kesho ukiulizwa usinijue. Yule mama yako jina lake kaburini nilimchorea mimi, jua kali, siku nzima nimepiga magoti, nawe ukanishika bega ukasema siku ukikwama, Mzee, uniite tu. Mvua zote hizi, nenda kalitazame, halijapauka hata herufi. Basi nimekwama. Naita. Njoo unishikie ngazi.